Kituo cha Mama Prossy Pale Jebel

Siku yangu ya kwanza katika zahanati ya kanisa letu, hapa Gurei pembeni mwa Juba, matroni hakunipa mgonjwa. Alinipa ndoo ya maji ya klorini na kitambaa, akaniambia nifute vitanda vyote.

"Vyeti vyako vya Kenya nimeviona, Sista Rebeka," akasema. "Sasa nione mikono yako."

Nilifuta. Nilikuwa nimerudi Juba kutoka ukimbizini, nina hamu ya kufanya kazi kwetu, na sikuona kwamba nimedharauliwa.

Baadaye alinituma uwanja wa ndege kupokea chanjo. Chanjo husafirishwa ndani ya masanduku yenye barafu, na ikipata joto huharibika hata kama kwa macho inaonekana nzima. Ndege ikitua nilikuwa nimeshasimama pale, nikiwahimiza wapakuzi waanze na mzigo wangu. Wengine waliniita Mama Barafu.

Matroni alipostaafu nikashika nafasi yake, na mkubwa wangu akawa Mchungaji Msimamizi, mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Alikuwa mwadilifu. Zahanati ile aliijenga kwa kuombaomba saruji na mabati, na aliipenda kama mtu anavyompenda mtoto wake wa pekee.

Kisha kikaingia kipindupindu. Ninyi vijana mnaoanza uuguzi mjue kwamba ugonjwa huu huua kwa kuukausha mwili. Macho huzama, na ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi. Anayeweza kunywa hunyweshwa maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo, bila mnyweshaji kuchoka. Aliyezidiwa lazima atiwe dripu, yaani maji ya dawa yanayopita moja kwa moja kwenye mshipa. Vitanda vyetu vilijaa, tukalaza watu kwenye mikeka barazani.

Siku zilezile tukapata habari za Mama Prossy, Mganda aliyekuwa akiuza chapati soko la Jebel. Yeye na wenzake wa kanisa dogo la uamsho walikuwa wametundika turubai kando ya kibanda chake, wakawa wanawanywesha wagonjwa na kuwaombea. Maji waliletewa na Hassan, Msomali mwenye duka la jumla hapo jirani, ambaye ni Mwislamu.

Kamati ilikutana. Mchungaji Msimamizi hakuficha hasira.

"Wamechora msalaba kwenye turubai, watu wanadhani ni sisi," alisema. "Mtu akifia pale, lawama inakuja hapa. Na nani kawatuma? Hawakutuuliza. Sista, nenda uwaambie wafunge. Kalas, yamekwisha."

Nilikwenda. Hofu yake haikuwa ya bure, nami nilitaka kwanza kuona. Niliyaonja maji yao, yalikuwa sawa. Walinawa mikono. Lakini katikati ya wagonjwa alilala mzee mmoja ambaye kunywa kulikuwa kumemshinda, nao walikuwa bado wanamlazimisha kikombe. Nilimfinya tumbo, ngozi ikabaki imesimama.

"Huyu anahitaji dripu sasa hivi," nikasema.

"Sista, mimi iko najua kuchanganya hii maji, walinifunza kwa kambi ya wakimbizi," Mama Prossy akajibu, jasho likimtiririka. "Lakini ile ya mshipa mimi hapana jua. Wewe utanifunza kujua nani apelekwe?"

Nilimfundisha palepale, macho, ngozi, mapigo ya moyo. Hassan akamlaza mzee kwenye gari lake la mizigo, tukaondoka naye. Alipona.

Jioni Mchungaji aliniuliza, "Wamefunga?"

"Hapana, Mchungaji. Sikuwaambia."

"Nilikutuma, Sista!"

"Ulinituma. Lakini wale walio pale tukiwaleta hapa, tutawalaza wapi?"

Kesho yake akaenda mwenyewe, amevaa kola yake, amekaza uso. Nilimfuata nikiogopa. Mama Prossy hakumjua, na hata kola hakuitazama. Alikuwa amepiga magoti kati ya wagonjwa wawili. Aliinua kikombe akamwekea mkononi.

"Baba, asante kwa kuja. Shika hii, mpe yule dada pale. Polepole, asitapike."

Yule dada alikuwa kiongozi wa kwaya yetu. Alikuwa ameangukia sokoni, wakamwokota.

Mchungaji alikaa chini kwenye mkeka. Alimnywesha, akangoja, akamnywesha tena. Kikombe kilipokwisha akanyanyua macho, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ongeza." Hakuondoka mpaka soko lilipofungwa.

Jumapili alihubiri juu ya wanafunzi waliomzuia mtu aliyekuwa akitoa pepo kwa jina la Yesu, kwa sababu tu hakufuatana nao. "Bwana aliwaambia wamwache," alisema. "Mimi nilikwenda Jebel kuzuia." Tangu wiki hiyo Mama Prossy alituletea waliozidiwa, nasi tukampelekea klorini. Mzee mmoja wa kamati alijiuzulu, akisema tumelichanganya kanisa na soko. Hajarudi mpaka leo, na hilo huniuma.

Sasa nimestaafu. Sikuhama kanisa, naupenda utulivu wa ibada yetu, na nyimbo za Mama Prossy bado huniumiza kichwa. Hassan naye anaswali kama alivyoswali siku zote. Hatukuwa kitu kimoja kwa kila jambo, wala sikuona kwamba Mungu alitudai hilo kabla mgonjwa hajanyweshwa. Siku hizi mtu akinijia kunishtakia kwamba kuna watu wameanza kazi njema mahali fulani bila kutuuliza, mimi humuuliza kama wana maji ya kutosha.