Chupa Yangu ya Dawa Ilikataa Kuisha

Nilikuwa nameza kidonge kila jioni, lakini chupa haipungui.

Sitanii.

Unafungua, unameza kimoja, unafunika. Wiki ikipita unachungulia ndani, vidonge viko vilevile, kama hakuna aliyegusa.

Nilianza kuamini nawehuka.

Ngoja niwapeleke taratibu. Mimi nimezaliwa na virusi vya UKIMWI. Kaka yangu pia. Wazazi walipofariki, yeye alichukuliwa na mama mdogo, mimi nikabaki kwa bibi. Kaka alikuwa mtoto wa kuuguaugua, wakampima mapema, akaanza dawa angali mdogo. Mimi nilikuwa bonge la mtoto, mashavu haya. Bibi akagoma kabisa kunipeleka kupimwa.

"Huyu na unene wote huu, ugonjwa ukae wapi?"

Nilikuja kupimwa niko sekondari, mkanda wa jeshi, ule upele wa malengelenge, uliponizunguka mgongo. CD4, yaani zile seli za kinga mwilini, zilikuwa zimebaki za kuokoteza.

Dawa zikaninyanyua. Nikasoma, nikamaliza chuo, nikahamia kwa kaka nikitafuta kazi. Yeye ni fundi makochi. Chumba kimoja, pazia katikati, harufu ya gundi na sponji mpaka kwenye mto wa kulalia.

Kliniki tulikuwa tunaenda pamoja, dawa zetu aina moja. Na tulikuwa na mchezo wetu wa kijinga: kushindana CD4 kama maksi za mtihani.

"Profesa," ndivyo anavyoniita tangu nipate digrii, "umepata ngapi?"

"Mia mbili themanini."

"Shule usome wewe, maksi nipate mimi! Mia nane na ushee. Leta soda."

Tunacheka. Ila moyoni sikuwa nacheka. Miaka yote hiyo nameza dawa bila kukosa, na mia tatu naisikia tu kwa wenzangu.

Sasa siku moja nilikwenda kliniki peke yangu, ndiyo natoka kwenye mafua makali, pua bado inachuruzika. Majibu yakatoka.

Mia moja tisini na sita.

"Daktari leo hayupo," nesi akasema. "Rudi kesho umwone, usiache."

Niliacha. Niliogopa kuambiwa kwa mdomo kitu nilichokwisha kukisoma kwa macho.

Badala yake nikaingia mtandaoni. Nikasoma kwamba ukishuka chini ya mia mbili, kinga imedhoofika sana. Nikazima simu, nikakaa sakafuni, mgongo kwenye kochi la mteja ambalo halijavalishwa kitambaa.

Nilikuwa nafundisha kwa kujitolea kwenye shule ya chekechea. Mwalimu mkuu alikuwa ameniambia anataka kunipa ajira ya kudumu. Nikamfuata.

"Mpe mwingine, mama. Mimi sitakuwepo muda mrefu."

"Unasafiri?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Jioni kaka akauliza maksi. Nikamwambia. Safari hii hakutania. Aliweka mkasi chini, akanitazama, akatazama mikono yake.

"Sasa mimi mia nane zote hizi za kazi gani?" alisema polepole.

Nikadhani ni maneno ya huruma tu. Nikavuta pazia, nikalala.

Ni baada ya hapo chupa ikaanza vituko vyake.

Na mimi na digrii yangu nikapata jibu la haraka: nasahau kumeza. Naamini nimemeza, kumbe sijameza! Ndiyo maana seli zinashuka. Akili imeanza kuondoka kabla ya mwili.

Nikawa namwomba kaka anishuhudie. "Kaka, leo nimemeza?"

"Umemeza, Profesa. Nimekuona."

"Una uhakika?"

"Kwani mimi kipofu?"

Lakini chupa inasema sijameza. Kuna siku nilimeza viwili kufidia. Usiniige hata kidogo.

Siku ya kuchukua dawa ikafika. Pale kwetu unakwenda na chupa yako, nesi anamwaga vidonge vilivyobaki kwenye kisahani, anavihesabu. Cha kaka kilikuwa sawasawa kabisa. Changu kikamkunjisha uso.

"Binti, mbona una vidonge vya kufungulia duka?"

"Nameza, dada."

"Unameza hewa? CD4 chini ya mia mbili, dawa zimejaa, kisha unaniambia unameza! Mwige kaka yako."

Kaka alikuwa anaangalia dari.

Nesi akaniuliza kama nakohoa au natoka jasho usiku, akaniongezea dawa ya kuzuia magonjwa nyemelezi, akatutoa damu wote wawili kwa kipimo cha wingi wa virusi. Nililia njia nzima. Nilimwambia kaka nikifa asimruhusu mtu kusema nilikuwa mkaidi wa dawa.

"Hufi," akasema. "Ninashughulikia."

Anashughulikia nini? Sikuuliza.

Kliniki wakatupigia simu. Wote wawili, haraka.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole, miwani kwenye ncha ya pua. Alituuliza kama tunakubali kusikia majibu pamoja. Tukakubali. Nikashika mkono wa kaka ili nisianguke.

"Binti, wewe virusi havionekani kwenye kipimo. Dawa inafanya kazi vizuri sana."

Nikadhani amekosea faili.

"Kwa hiyo CD4..."

"CD4 inaonyesha kinga iliyobaki, haionyeshi kama dawa imevikamata virusi. Ulianza ukiwa umechelewa, kwa hiyo kinga yako inapanda kwa kujivuta. Na inapanda na kushuka: mafua, uchovu, hata saa uliyotolewa damu. Tunatazama majibu ya muda mrefu, hatuzikwi na namba moja. Ila chini ya mia mbili hatuchezi. Hiyo dawa ya kukinga utaimeza, na kipimo tutarudia."

Kisha akavua miwani.

"Kinachonisumbua ni hivi. Aliyebakiza vidonge kibao hana virusi. Na wewe, kaka mtu, hujabakiza hata kimoja cha ziada, lakini virusi vyako vimepanda vibaya. Vidonge vyako vinakwenda wapi?"

Kaka akauachia mkono wangu.

"Natia kwenye chupa yake," akasema.

"Nini?"

"Kila siku kimoja. Mimi nina mia nane, daktari. Yeye zimemwishia. Niliona nikimwachia na dawa zangu, zitampandisha."

Nilitaka kumpiga. Badala yake nikamkumbatia, tukalia kama watoto waliopotea sokoni.

Daktari alitusubiri. Halafu akamwuliza, "Wewe si fundi makochi? Kochi likiwa limenona kwa nje, utajuaje kama mchwa wamo ndani?"

"Mpaka ulifumue."

"Basi mia nane ni kitambaa. Kipimo cha virusi ndiko kulifumua. Seli zako zingefuata kushuka, suala la muda tu. Na hivyo virusi vikizoea kukosa dawa leo na kupata kesho, vinaweza kuwa sugu."

"Na yeye, nimemdhuru?"

Hapo nikakiri kwamba kuna siku nilimeza viwili.

"Siku alizomeza viwili zinanitia wasiwasi. Tutampima figo."

Figo zangu zilikuwa salama. Lakini miezi ya kusubiri kipimo cha pili cha kaka sitamani hata adui yangu aipitie. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa namshuhudia akimeza. Jioni ya kwanza alishika kidonge, kikamganda kiganjani.

"Nikimeza hiki, wewe unabaki na nini?"

"Nabaki na kaka," nikamwambia. "Meza."

Akameza.

Kipimo cha pili: virusi vyake havionekani. CD4 zimeshuka mpaka mia sita. Mimi nina mia mbili thelathini na moja, na ni mzima. Ajira ya chekechea ilikwenda kwa mwingine. Sina wa kumlaumu.

Wewe unayesoma hapa ukiwa na majibu yako mkononi, namba ikiwa ndogo usijizike, ikiwa kubwa usijitangazie umepona. Rudi kwa daktari, uliza na virusi viko vingapi.

Na kama kuna mtu nyumbani unampenda kiasi cha kumpa uhai wako, mpende, ila umeze dawa zako kwanza.