Siku Printa Ilipogoma, Nami Nikagoma Kumwita Jirani

Hata sasa nikiwasimulia, uso unanichoma. Nina duka la kuchapa pale mtaani Jabe, na mlango wa pili ni wa Zuhura, mwenye kazi kama yangu. Mwanamke yule anajua mashine! Printa ikikohoa tu, anaiwekea mkono, anasikiliza, anakutajia ugonjwa wake. Juzi wino uliponiishia, aliniunganisha na printa yake kwa wifi nichapie kwake, wala hakukunja uso.

Jana mteja wangu, mama mmoja tunayemwita Hadja, akaja kuchapisha mialiko ya ndoa ya binti yake. Nikabonyeza. Kimya. Nikazima, nikawasha, nikatoa katriji nikaitikisa, nikachungulia kama kuna karatasi iliyokwama. Kimya.

"Mutoto wangu, si umuite Zuhura?" akasema Hadja.

"Apana, Hadja. Mi mwenyewe ni fundi."

Nikaandika sentensi yangu ya kujaribia, ile iliyokuwa moyoni: "Zuhura ananishinda kila kitu, lakini simwiti ng'o." Nikabonyeza. Nikabonyeza tena na tena, kwa hasira.

Mara Zuhura akaingia na rundo la karatasi, mialiko ya Hadja ikiwa juu, imepangwa vizuri.

"We Saidi, kompyuta yako bado inachapia kwangu," akasema.

Kisha akavuta karatasi ya chini, akaisoma kwa sauti mbele ya Hadja, neno kwa neno. Akavuta ya pili, akaisoma pia. Akatabasamu.

"Basi, nimekuja bila kuitwa."