Chukudu Ndogo ya Fundi wa Nengo

Mwezi uliopita nilirudi Gisenyi kumtembelea dada yangu, na kabla sijamaliza hata chai, mwanawe akanivuta mkono mpaka dukani kunionyesha pikipiki ndogo ya magurudumu manne, nyekundu, ya watoto, zile za bei nafuu zinazokuja ndani ya boksi kutoka mbali. Nilimwomba muuzaji amruhusu mtoto aizungushe uani, mara moja tu. Muuzaji, mtu mwenye adabu zake, akatabasamu akasema haijaribiwi mpaka ilipiwe, na ikishalipiwa hairudishwi. Nikaangua kicheko pale pale, mtu mzima mimi, mpwa wangu akaona aibu akajifanya hanijui. Kaa hapa nikueleze nilichokuwa nakicheka.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa naishi na bibi yangu kule Nyakiriba, vilimani juu ya Gisenyi. Tulikuwa tumerudi kutoka Kongo na mizigo michache na Kiswahili kingi, na mama alibaki Goma akiuza vitenge, akitujia mwisho wa mwezi. Vilima vilikuwa vimeanza kutulia baada ya vita. Udongo wa kule ni mweusi na una mawe ya volkano, jembe likigonga linalia kama kengele, lakini chochote ukipandacho kinaota kwa fujo: karoti, kabichi, viazi, vitunguu majani. Asubuhi ukungu ulikuwa unakaa shambani mpaka unashindwa kuona kabichi ya mstari wa pili. Nikifunga macho mpaka leo nasikia harufu ya maharage ya bibi yakichemka, na juu yake mawese mekundu yakimwagwa bila kupimwa.

Kuhusu mawese, bibi yangu hakuwa na kiasi. Mawese yalikuwa mboga, yalikuwa dawa ya kifua, yalikuwa mafuta ya magoti yetu yaliyopauka na ya viatu vya shule. Mlango ukilia, anapaka. Jino likiuma, anapaka. Hakutoka nyumbani bila kichupa chake ndani ya kikapu, kimezibwa kwa gunzi la hindi. Nilimpenda mno, na nilimwogopa vilevile, maana alikuwa mtu asiyekosea. Yaani kama amekosea, basi ni jembe lililokosea, au mvua, au sisi.

Siku tatu kwa wiki mimi na yeye tulibeba mboga kichwani kushuka mjini, kwa wanawake waliokuwa wakizivusha mpaka kwenda Goma. Kwenda, kuuza, kupanda tena kilima: siku nzima imekwisha, na shule nimeikosa. Nilikuwa darasa la sita, mwaka wa mtihani. Mwalimu wetu, mtu mpole aliyekuwa anaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri kuliko wa kitabuni, alivumilia, akavumilia, halafu akapanda mwenyewe mpaka nyumbani. Alimweleza bibi waziwazi: anaandika orodha ya mtihani Jumatatu, na mtoto anayehudhuria nusu wiki hamwingizi.

Bibi alimpa maziwa, akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi alisema maneno machache tu:

"Jumamosi tunaenda kwa fundi. Tukipata chukudu, mboga ya wiki nzima inashuka siku moja, na we unasoma. Ukishindwa kuiendesha, njo basi, tutaendelea na kichwa."

Kama hujawahi kuona chukudu, rafiki yangu, umekosa kitu. Ni baiskeli ya mbao isiyo na kiti wala pedali: ubao mrefu wa mkaratusi, usukani wenye pembe kama za ng'ombe, na magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa ukanda wa tairi kuukuu. Unapiga goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma, na mteremkoni inakwenda yenyewe. Goma zimejaa, zinabeba makaa, magunia ya unga, hata kabati la harusi. Wanaume wazima wanajenga nyumba kwa pesa ya chukudu.

Fundi wetu alikuwa amejifunza kazi huko Goma, kisha akahamia Nengo, mteremkoni pale Gisenyi, akawa anachonga chini ya paa la mabati karibu na barabara. Nilimhusudu mtu yule dakika ile ile nilipomwona. Alikuwa hana kipimo chochote isipokuwa kamba yenye mafundo. Alikuwa anazungusha gurudumu sikioni, anasikiliza, anakwangua kidogo, anasikiliza tena. Maranda yalimfika kwenye vifundo vya miguu, na hewa yote ilinuka mkaratusi mbichi. Chukudu kubwa zilikuwa za wenye uwezo. Yetu ilikuwa ile ya pembeni, ndogo, ameichonga kwa vipande vilivyobaki. Zile kubwa zilikuwa na rulma, yaani beringi za gari, kwenye magurudumu. Hii ilizunguka mti kwa mti. Lakini alikuwa amepigilia pahali pa goti kipande cha kandambili ya bluu, na nilipokiona tu, moyo wangu ukaishia hapo.

"Ni ya nani?" akauliza fundi.

"Ya huyu," bibi akasema.

Jirani wa fundi, mama mmoja aliyekuwa akikaanga maandazi kando ya barabara, akageuka na kijiti chake mkononi. "Yewe! Mutoto mwanamuke ku chukudu?"

"Goti yake na ya mwanaume ni goti moja," bibi akamjibu.

Fundi akacheka, kisha akawa mzito. Akatueleza utaratibu wake, na utaratibu huu ndio ulionifanya nicheke dukani miaka yote hii baadaye. Kwake hakuna aliyenunua bila kujaribu, na hakuna aliyejaribu bila mzigo. Na mzigo ulikuwa ni yeye. Alikuwa anakaa juu ya ubao, anakunja mikono, na mnunuzi anamshusha mteremko wote mpaka kwenye mikaratusi ya chini. Ikipinda, inampindua yeye. Ikivunjika, inavunjika naye.

"Bon, mutoto, sikia. Nikisha kukaa, mi si fundi tena. Mi niko muzigo, na muzigo haisemake. Usiniulize kitu. Kitu yangu ikikataa kusimama, siuzishe. Naivunja, nachukua mbao zangu."

Akanionyesha breki: kipande cha mpira wa tairi juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga, kinabana, inasimama. Nikazunguka nayo uani mara mbili tatu. Ikawa inalia. Mti kwa mti, unajua tena, kila mzunguko kilio chembamba cha kutoboa masikio. Watu wakaanza kusogea kuangalia, na mama wa maandazi akasema ile chukudu inalia kama mtoto mwenye njaa. Nilimwona bibi akikunja uso. Kitu chake kuchekwa ilikuwa ni yeye kuchekwa.

Fundi akaenda nyuma ya nyumba kunawa miguu, ndivyo alivyofanya kila mara kabla ya kuwa mzigo. Mimi nilikuwa nimekwenda kunywa maji nyuma ya rundo la mbao. Kupitia kwenye upenyo nikamwona bibi ametoa kichupa. Akatia mawese gurudumu la mbele. Akatia la nyuma, akazungusha kwa kiganja, akaongeza, akapaka na ule mpira wa breki kwa sababu ulikuwa karibu. Kisha akafuta mkono kwenye kitenge, akasimama kama aliyekuja tu kusalimia. Mimi nikanyamaza. Sikujua mafuta na breki havipatani. Nilijua tu kwamba bibi hakosei.

Fundi akaja, akakaa, akakunja mikono. Nikapiga goti kwenye ile kandambili ya bluu, nikasukuma.

Nitasema kweli, sijawahi kufurahi vile tena. Chukudu haikulia hata kidogo. Ilikuwa kimya, inateleza, upepo wa ziwa la kule chini unanijaa kinywani, migomba na watu wanapita pembeni, nami mtoto wa darasa la sita nimembeba mtu mzima kama si kitu. Nusu ya mteremko nikakanyaga breki. Mguu ukateleza. Nikakanyaga tena kwa nguvu zote, mpira ukawa unapita juu ya gurudumu kama sabuni. Nyuma yangu nikasikia mama wa maandazi akimwita Mungu kwa kelele, "Mana yanjye! Ataua fundi!"

Mgongo wa fundi ulikuwa mbele yangu. Angeweza kuruka, kulikuwa na majani pande zote. Angeweza kuushika usukani. Hakugeuka. Hakusema hata neno. Nilimwona tu akikaza vidole vyake kwenye mikono aliyoikunja, mpaka kucha zikawa nyeupe. Alikuwa amesema mzigo hausemi, basi hakusema.

Chini, barabara ilikwenda moja kwa moja kwenye mikaratusi, na kabla ya mikaratusi kulikuwa na kijia kinachopanda kushoto kwenye shamba la maharage. Nikaegemea kushoto kwa mwili wangu wote. Gurudumu likarusha changarawe nyeusi, tukaingia kijia, tukapanda, tukapanda polepole, polepole zaidi, mpaka ikachoka yenyewe. Fundi akashusha mguu mmoja chini tusirudi nyuma.

Akavuta pumzi. "Bon," akasema. "Tumefika."

Tulipanda tukiisukuma. Kule juu watu walikuwa wamejaa. Fundi aliigeuza chukudu, akaangalia gurudumu, lakini vumbi jeusi la njia lilikuwa limeganda juu ya mpira na hakuona kitu isipokuwa uchafu. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Uso wake ulinitia huzuni, alikuwa kama mtu aliyepata habari mbaya ya kwao.

"Mutoto anaendesha muzuri kupita batu wengi ya Goma," akasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Lakini kitu yangu imekataa kusimama. Mpira ile ni mubaya, na mi njo niliichagua. Mama mukecuru, unisamehe. Siuzishe."

Akachukua nyundo. Akakaa chini, akaanza kutoa msumari wa kwanza wa gurudumu la nyuma. Hapo ndipo nilipoiona Jumatatu ikinijia, mwalimu na orodha yake isiyo na jina langu, na kapu la karoti kichwani maisha yangu yote. Machozi yakanitoka. Nilimtazama bibi. Yeye alikuwa anatazama nyundo.

Msumari wa pili ulikuwa umeanza kutoka aliposema, "Acha."

Fundi akainua macho.

"Acha nyundo. Ni miye. Nilipaka mawese, mbele na nyuma, na ku mupira pia. Ile kelele ilinishinda, nikaona batu banacheka. Kitu yako haina kosa. Kosa ni yangu."

Kisha mama wa maandazi akaanza kucheka, akafuata mwingine, na mwingine, mpaka uwanja mzima ukawa unacheka, na bibi yangu amesimama katikati, kikapu mkononi, shingo imenyooka, anachekwa. Hakuondoka. Hakumlaumu mtu. Fundi alifuta vumbi kwenye mpira, akapitisha kidole, akaonja kwa ulimi.

"Mawese ya muzuri," akasema, naye akacheka mpaka akaiachia nyundo.

Aliosha mpira na gurudumu kwa majivu na maji ya moto, akarudisha msumari wake, akanawa miguu upya, akakaa, akakunja mikono. Tulishuka tena. Ikalia njia nzima, kilio kile kile cha kutoboa masikio, na nilipokanyaga breki ikasimama pale pale nilipotaka, mbele ya jiwe nililolichagua. Tukainunua. Jumatatu nilikuwa darasani kabla ya kengele, na mwalimu aliandika jina langu kwa ule mwandiko wake mzuri.

Safari hii nilipita Nengo makusudi. Pale kwa fundi sasa pana ukuta na geti la chuma, barabara imewekwa lami, na niliowauliza hawakumkumbuka. Chukudu nimeziona upande wa pili wa mpaka, bado zinabeba makaa, lakini sidhani kama kuna fundi anayekaa juu ya kazi yake na kukunja mikono. Bibi amelala Nyakiriba, kwenye ule udongo wake mweusi. Watu wale nawakumbuka kwa hamu. Sisemi hawakukosea; bibi alikosea mbele ya macho yangu, na karibu aniue. Ila hawakumwachia mwingine abebe kosa lao.

Jumamosi ile, tukipanda kurudi nyumbani, mimi nasukuma chukudu tupu, yeye anatembea pembeni, nilishindwa kujizuia. Nilimwuliza kwa nini alisema, wakati hakuna mtu aliyemwona akipaka.

Bibi alihamishia kikapu mkono wa pili.

"Weye ulikuwa nyuma ya mbao," akasema. "Ungeniona nanyamaza, fundi anavunja kazi yake. Kisha Jumatatu ungeenda kalasi kusoma nini?"

Nilishika usukani vizuri, nikaendelea kusukuma mpaka nyumbani.