Siku Niliyokwenda Kuvua Talaka

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo mikono inaniwasha. Nilikuwa mwanamke kijana, nina mtoto mmoja, Fatuma, na mume mmoja ambaye hakuwa wangu peke yangu. Nakusimulia kwa sababu juzi nimekuona umekaa barazani na simu ya mumeo mkononi, uso umekuvimba, unatazama nani kamwandikia na saa ngapi. Sikukusema pale pale. Mwenye wivu haambiliki, nami najua, maana kazi hiyo niliifanya kwa bidii kabla wewe hujazaliwa.

Baba Fatuma alikuwa mvuvi wa nyavu hapa Kipini. Samaki waliozidi aliwatia chumvi, akawaanika, akawapakia kwenye lori kwenda kuwauza Garsen siku ya soko. Akaenda akarudi, akaenda akarudi, na safari moja akarudi na habari kwamba ameoa. Mwanamke aliitwa Habiba, Muorma, binti wa wafugaji. Watu hawakosi, wakaniletea sifa zake mlangoni bila ya kuulizwa: mrefu, mwembamba, ana mwanya. Mimi mwenyewe sikuwahi kumwona. Hilo ndilo lililonitesa zaidi, kwa sababu mtu usiyemwona unamchora mwenyewe kichwani, na mimi nilimchora mzuri kupita kiasi.

Mambo ya zamu unayajua. Juma moja kwangu, juma moja kwake, na anachompa huyu ampe na yule. Baba Fatuma alizishika zamu, sitamsingizia marehemu. Lakini kila akienda Garsen alichukua samaki, na sisemi ng'onda, wale wakavu wa kuuza, nasema samaki wa maana, chewa na kolekole, waliopakwa chumvi na ndimu. Na mfungaji wa kikapu nilikuwa mimi. Nafunga kamba huku najiuliza, huyo Habiba atamla na nini, atamla amekaa wapi, akicheka anachekaje. Roho ilikuwa ikiniuma, mwanangu, nakwambia wazi. Kuna siku nilimpunguza kolekole kipande kizuri cha tumbo, nikala mimi, nikafunga kikapu kama hakuna kitu.

Sasa, siku yenyewe. Juma la Habiba lilikwisha Ijumaa. Jumamosi nikapika wali wa nazi, nikajifukiza udi, nikamvalisha Fatuma gauni lake la Idi. Hakuja. Jumapili nikaupasha moto ule wali. Hakuja. Simu wakati huo zilikuwa hazijafika kwetu, kwa hiyo mtu asipoonekana huna la kufanya ila kukaa na mawazo yako, na mawazo yangu yote yalikuwa yamehamia Garsen. Nikawaona wanakula. Nikamwona mwanya wake.

Jumatatu alfajiri niliamka nimekwisha kukata shauri. Nilijiambia hivi: mwanamume huyu amenogewa huko. Leo naingia majini peke yangu. Nikirudi na kitoweo cha haja nitakuwa nimejua kwamba naweza kumlisha mwanangu bila ya mtu, na Baba Fatuma akitia mguu nyumbani namwomba talaka yangu. Nikirudi mikono mitupu, nitanyamaza nivumilie. Ndoa yangu yote niliiweka kwenye ndoana moja.

Fatuma nikampeleka kwa mama. Kuvua nilifundishwa na baba, Mungu amrehemu. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi alinichukua mimi kwenye mtumbwi wake nikiwa mdogo, majirani wakasema mpaka wakachoka. Nyavu za mume wangu zilikuwa nzito na hazikunihusu. Nilichukua mshipi wangu wa tangu usichana, mwembamba, wa kuvulia hapa hapa bandarini, nimeuviringa kwenye kibao. Ndoana ndogo, chubwi ya risasi isiyozidi kokwa ya ukwaju ili mshipi uzame taratibu, na chambo cha kamba wazima niliowachota kwa kitambaa pembeni mwa mikoko.

Bandari yetu unaiona ilivyo. Mto Tana unashuka na matope yake, na maji yakianza kujaa bahari inapanda kuupokea, mpaka unaona mstari kabisa, huku maji mekundu huku maji ya buluu. Samaki wa chumvi hula kwenye mstari ule. Nikapiga kasia mpaka hapo, nikatia nanga yangu ya jiwe, nikatupa.

Walioanza kuja ni hongwe. Hongwe mmoja, hongwe wa pili, hongwe tena. Samaki huyu ana miiba ya kuumiza, ukimtoa ndoanani vibaya unalala na homa. Kila niliyemtoa nilimwita Habiba. Mungu anisamehe, ilinipunguzia kidogo.

Jua likapanda. Mashua ikapita na vijana wa hapa mjini, mmoja akaniita, "Mama Fatuma, mzee yuko wapi hata unavua wewe?"

"Yuko kwenye zamu," nikamjibu.

"Zamu gani hiyo isiyokwisha?" Wakacheka wote wakaenda zao. Nikatia chambo kipya, nikatupa tena.

Ndipo mshipi ukaondoka. Haukutikisika kama wa hongwe, uliondoka moja kwa moja kuelekea baharini, unanipita vidoleni mpaka ukanichana. Nikajua ni kolekole, na si mdogo. Sasa mshipi mwembamba, mwanangu, hauburuzi samaki. Ukishindana naye unakatika, umebaki na kibao. Baba alikuwa akiniambia mwachie, mwachie aende, akigeuka ndiyo umrudishe kidogo, akienda tena mwachie. Na mimi siku hiyo nilikuwa na hasira ya kuvuta hata gati lile ling'oke. Lakini nikamwachia. Akaenda, nikamrudisha, akaenda tena, mtumbwi ukawa unazunguka kwenye nanga yake, damu ya vidole inadondoka juu ya magoti. Sijui ni kwa nini samaki niliweza kumvumilia vile na mume sikuweza. Mpaka alipolala ubavu karibu na mtumbwi, nikamshika kwa matamvua na kumwingiza, urefu wake mkono wangu mzima. Nikalia. Halafu nikasema kwa sauti, nikiwa peke yangu katikati ya maji, "Talaka yangu hii hapa."

Nilirudi pwani kabla ya adhuhuri. Na kwetu, kama unavyojua, anayeingia majini kukushikia chombo kinapofika ana haki ya kitoweo, awe ndugu, awe mgeni, hata awe mtu mliyenuniana. Huulizi ni nani, unatoa. Nikamwona mwanamke ameingia mpaka magotini, nguo zimelowa, amekamata kichwa cha mtumbwi wangu kwa mikono miwili, vibaya, kama anayemzuia ndama. Alikuwa mrefu. Akafungua mdomo kunisalimu, nikauona mwanya.

Mwanangu, nilitamani nimpige kasia.

Watu wa bandarini walikuwa wanatazama na wengine walikwisha kumjua. Kumnyima kitoweo mbele yao nisingeweza. Nikainama, nikamchagua hongwe mdogo kuliko wote, nikamtupia miguuni. "Chukua haki yako," nikasema.

Akaruka nyuma kama aliyetupiwa nyoka. "Samaki mimi sili, dada."

"Huli?"

"Kwetu ni nyama na maziwa. Samaki sijazoea, harufu yake inanishinda. Wale unatuma kwa kikapu, mimi nagawia majirani." Akainamisha uso. "Usiambie Baba Fatuma. Nilimwambia ni tamu."

Nikabaki nimesimama na kasia mkononi. Vile vikapu vyote! Siku nilizolala macho wazi namwona anawatafuna kolekole wangu, na kumbe waliokula ni majirani wa Garsen, nisiowajua hata kwa majina.

Lakini yeye hakuwa amekuja kunipa pole. Alikuwa amekuja kwa lori kunigombeza. "Dada, mimi nakuheshimu, wewe ni mkubwa," akasema, na sasa sauti ilikuwa inamtetemeka. "Lakini haki ni haki. Mume wetu alitoka kwangu Jumatano. Siku zangu zilikuwa bado. Kwa nini unakula siku zangu?"

Mume wetu. Neno hilo sikuwahi kulisikia likisemwa na mtu mwingine. "Mimi nile siku zako? Jumamosi nimempikia, Jumapili nimempikia. Kwangu hajafika."

"Hajafika?"

"Hajafika, Habiba."

Tukatazamana. Naona sote wawili wivu ulitutoka kwa mara moja na hofu ikaingia, maana barabara ina mambo yake na mto una mamba. Akanishika mkono, mkono wenyewe umechanwa na mshipi, nikaumia, na sikuutoa.

Tukaenda nyumbani kwangu. Nikatuma watu waulize kwa wenye mashua. Nikaanza kumsafisha kolekole kwa sababu sikujua nifanye nini kingine, naye akakaa mlangoni pa jiko, amefunika pua kwa mtandio. Alikuwa mzuri, lakini si kama nilivyomchora. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. Akaniambia kwamba Baba Fatuma akiwa kwake kila kitu ni Mama Fatuma, Mama Fatuma hupika hivi, Mama Fatuma hunikunjia nguo hivi. "Nilikuwa nakuchukia sana," akasema. Nikamwambia nami pia. Tukacheka kidogo kwa aibu.

Baada ya alasiri tukasikia hodi. Baba Fatuma huyo, mzima, ana gunia la mchele begani na majani makavu kwenye nywele. Akatuona wawili. Gunia likamshuka lenyewe.

"Nilikuwa kijijini Ozi," akasema kabla hatujauliza.

"Kwa nani?" Tulisema pamoja, kama tuliofundishwa.

"Kwa rafiki yangu. Mpunga wake unakaribia kuvunwa, nilikuwa namfukuzia ndege."

"Ndege?" nikasema. "Mwanamume mzima, una wake wawili, unafukuza ndege wa watu?"

Akakaa chini kabisa, sakafuni. "Mama Fatuma, nikiwa kwako naulizwa habari za Garsen. Nikiwa Garsen naulizwa habari za kwako. Alikuvalia nini, alikupikia nini, alisema nini juu yangu. Nimechoka. Ozi hakuna anayeniuliza kitu. Nalala."

Talaka nilikuwa nayo mdomoni, na samaki wangu wa ushahidi alikuwa ameiva jikoni. Nikamtazama yule mtu niliyemwona siku tatu akinenepa Garsen, na mashavu yalikuwa yamembonyea. Sikuyasema yale maneno. Si kwamba nilimhurumia sana, hasira bado ilikuwepo. Ni kwamba asubuhi ile nilikuwa nimejilisha kwa mkono wangu, nikajua kwamba nikitaka kuondoka nitaweza, leo au mwakani, na nilipolijua hilo haraka ya kuondoka ikanipungua. Nikapakua. Habiba alikula wali mtupu na kikombe cha chai. Baba Fatuma alikula samaki, na alipouliza kavuliwa na nani nikamwambia ni mimi, akaacha kutafuna.

Tangu hapo tulipanga mambo yetu mimi na Habiba. Zamu ikigeuka, anayemaliza anampa mume salamu za kupeleka kwa mwenzake, na habari za nyumba ya pili haulizwi tena. Vikapu vya samaki navyo vilikwisha, nikawa napeleka nazi na unga wa muhogo.

Usidhani wivu ulikufa. Nimezeeka nao. Baba Fatuma alifariki Garsen, katika juma la Habiba, na nilipofika alikuwa amekwisha kuoshwa na kuvikwa sanda. Habiba ndiye aliyemmiminia maji. Nakwambia ukweli, mwanangu, hata maji yale nilimwonea wivu. Nikaingia chumbani nimejiandaa kumchukia upya. Nikakuta uso wa mume wangu uko wazi, na Habiba amekaa kichwani pake, sauti imemkauka, amewazuia wanaume tangu alfajiri wasiufunike mpaka mimi nifike. Eda tuliikaa nyumba moja.

Basi nakuusia. Wivu ukikujia usione haya, wala usijidai huna. Lakini usimchore mtu kichwani kisha ukamchukia kwa mchoro wako. Kama kuna mwanamke, mtafute umwone kwa macho, huenda naye halali. Kama hayupo, muulize mumeo mara moja, mchana, umemtazama, akikujibu umwache apumue, kwa sababu mtu anayehojiwa kila siku hutafuta pa kulala pasipo na maswali. Na kabla ya yote hayo uwe na kazi ya mkono wako, ili ukikaa kwa mume ukae kwa kupenda, na ukiondoka usiondoke na njaa.

Mwenyezi Mungu akupe riziki isiyopitia mlango wa mtu. Akupe mume mkweli, na akiwa si mkweli akupe nguvu za kumwacha bila ya kujidhalilisha. Aupoze moyo wako mapema, mimi nilichelewa kuupoza wangu. Na siku itakapofika ya kumzika umpendaye, akukutanishe na mtu atakayewaambia watu wangoje kidogo, wewe hujafika. Amina, mwanangu.