Asubuhi Waliyonililia

Mvua ikikaribia, huwa kuna mtu anakuja kukaa miguuni pangu. Wingu halijatanda bado juu ya Mengo, mtaa wetu wa Kampala, jua linawaka vizuri tu, lakini naamka alfajiri nikihisi godoro limebonyea upande wa miguu, pale mtu angekaa akija kumjulia hali mgonjwa. Nikiinua kichwa, hakuna mtu. Nikilaza kichwa, uzito upo. Siku chache baadaye mvua inaanza, na mimi sitoki tena kitandani.

Sisemi ni jini. Shangazi zangu walishalisema hilo vya kutosha, wakanifukiza ubani mpaka mapazia yakageuka rangi. Daktari wangu, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, anaiita sonona ya msimu. Mimi namwita mgeni, kwa sababu tabia zake ni za mgeni mbaya: hapigi hodi akija, hasemi anaondoka lini, na akishakaa, nyumba inakuwa yake. Nasikia malapa yanaburuzwa ukumbini na najua kuwa ni yangu, nami nimelala. Nikisema neno, sauti naisikia imetokea chumba cha pili. Msimu mmoja nilipita mbele ya kioo cha kabati nikamwona mwanamke, nikamsalimia, nikasimama kungoja aitikie. Nilingoja muda mrefu kabla ya kukumbuka kioo ni nini.

Sasa, mimi ni mshona kanzu. Babu zangu waliingia Mengo na misafara ya biashara kutoka pwani, na Kiswahili chao kimebaki ndani ya nyumba yetu mpaka leo, lakini kilichotulisha ni sindano. Marehemu mume wangu alikata kitambaa, mimi nilidarizi shingo na kifua kwa uzi mwekundu uliokolea. Waganda wakienda kwa wakwe kujitambulisha huvaa kanzu, na familia nyingi za upande wetu zilivaa zangu. Nikikueleza kwamba najua kazi yangu sijisifu, natoa taarifa.

Kila mvua daktari alikuwa akiniongezea dawa. Zilinisaidia, sitazikufuru. Lakini zilipozidi kiasi fulani mikono yangu ilianza kutetemeka. Mtu mwingine angeweza kuishi na mikono ya namna hiyo. Mwaka uliotangulia nilitoa kanzu ambazo mshono wake ulizunguka shingo kama njia ya siafu, na wateja, kwa adabu zao, wakazipokea na kunishukuru. Adabu hiyo iliniumiza kuliko matusi.

Kwa hiyo nilikwenda kwa daktari kabla ya msimu, nikamwambia: mvua hii nataka kuivuka na mikono yangu. Alinitazama sana. Akakubali kwa masharti. Dawa ninayomeza nisiache hata siku moja. Pawe na mtu nyumbani. Kukipambazuka tu nitoke chumbani nikakae nje kwenye mwanga, hata kama mwanga wenyewe ni wa wingu, na nikae na watu. Nimwone kila Alhamisi. Na siku nitakapoanza kutamani nisiwepo, niende kwake saa hiyo hiyo, naye ataongeza dawa na mimi sitabisha. Nikakubali yote, ingawa hilo la watu nililikubali kwa mdomo tu.

Mtu wa nyumbani alikuwa dada yangu mkubwa. Alilelewa na jamaa zetu Mombasa tangu akiwa mchanga, akaolewa huko, na hajawahi kuishi Kampala. Ni mwanamke wa kuchapa kazi, akiamua jambo huwezi kumzuia. Asubuhi za mwanzo alinivuta mkono mpaka barazani, akaniketisha, akanipa chai. Lakini mvua ilipokolea, baraza ikawa na baridi ya kuuma meno. Nilikaa kidogo, nikarudi kitandani. Siku iliyofuata sikutoka kabisa. Nilimsikia akinigombeza mlangoni, kisha nikasikia amenyamaza, na mimi nikafurahi kwamba amechoka. Mgeni naye alikuwa amesogea. Uzito ulikuwa umefika magotini.

Dada hakuwa amechoka. Alikuwa anafikiri. Aliona kwamba ninachokosa ni joto, basi akanunua magogo makubwa kwa seremala wa jirani, akayapanga uani chini ya mabati palipokuwa pakiegeshwa gari la marehemu, na asubuhi iliyofuata, mapema, akayawasha. Akatoa viti vyote vya plastiki vya ndani akavizungushia moto. Moshi ulipomzidi akafungua geti, mbao zote mbili, wazi kabisa.

Kama hujaishi Kampala hutaona kosa liko wapi, kama yeye alivyokuwa haoni. Hapa kwetu magogo yakiwaka nje ya nyumba, viti vimezunguka, na geti liko wazi asubuhi, hakuna anayeuliza. Hiyo ni nyumba yenye msiba. Mpita njia huingia, huketi, huinamisha kichwa. Na wenye nyumba wakiwa Waislamu, huingia haraka, maana maiti wao huzikwa siku hiyo hiyo.

Mimi nilikuwa ndani, blanketi mpaka kichwani. Nilisikia harufu ya moshi nikafikiri ni wa jirani. Kisha nikasikia viti vikikwaruza sakafu. Kisha sauti ya mwanamume, akimwita dada bibi kwa Luganda.

"Pole sana, nyabo."

"Tushapoa, bwanangu," dada alijibu. "Karibuni moto, mwalowa."

Mwanamke akauliza kwa Kiswahili cha Kampala, kinachomwita mtu kama kitu, "Ilianza kuugua lini?"

"Ni mvua tu. Kila mvua humshika hivi. Hii imezidi."

"Banange," akasikitika. "Na sasa iko wapi?"

"Yumo ndani."

Dada aliniambia baadaye kwamba alishangaa tu jinsi watu wa Kampala walivyo na huruma kwa wagonjwa. Walizidi kuingia. Nilisikia nyayo nyingi kwenye matope, na hakuna aliyesema zaidi ya neno moja moja. Mtu alianza kupima uwanja kwa hatua, akimwuliza mwenzake kama turubai litatosha.

Kisha kipaza sauti cha msikiti kikakohoa. Mvua ilikula nusu ya maneno, lakini Luganda nakijua tangu utotoni, na nusu iliyobaki ilinitosha. Mjane wa fulani, mshona kanzu, ametangulia mbele ya haki. Mazishi yatatangazwa. Dada yangu, ambaye haelewi Luganda hata cha kununulia ndizi, aliendelea kumimina chai.

Nitasema nilichohisi, kwa sababu ndicho kilichonitisha zaidi ya yote. Sikushtuka. Nilipumua. Mwili wote ulilegea kama mtu aliyetua mzigo kichwani, nikawaza: basi, imekwisha, na sikulazimika kufanya chochote. Nilimwonea wivu yule mwanamke aliyetangazwa. Uzito uliokuwa magotini ukapanda polepole mpaka kifuani, wala haukuwa mzito tena, ulikuwa wa kubembeleza. Sauti uani zilianza kwenda mbali. Nilifumba macho, nikawaachia wamchukue.

Ndipo nikamsikia jirani yangu. Ni mjane wa askari, anakaa nyumba ya nne upande wa juu, Muganda aliyejifunza Kiswahili kambini miaka aliyoishi huko na mumewe. Alikuwa analia kweli, nami nilimsikiliza kwa raha kidogo, maana si kila mtu hupata kusikia anavyoliliwa.

"Hiyo maama mimi nilipenda sana," alikuwa anawaambia wenzake. "Kanzu ya mutoto yangu ya kuoa, watu yote iliuliza nani ameshona. Lakini hii mwaka imepita, banange, mukono ilikuwa imeharibika. Ile ya mutoto ya dada yangu ilipinda hapa yote, hapa kwa shingo. Mimi nilinyamaza. Nilisema, kale, haya basi, amezeeka."

Amezeeka!

Nilipata kitu ambacho sikuwa nimekihisi tangu mvua ianze. Hasira, safi kabisa, ya moto. Nilitupa blanketi. Nilikuwa na gauni la kulalia jeupe na nywele zimesimama, sikujali. Nilipita ukumbini, nikafungua mlango wa nyuma, nikasimama mbele ya watu ambao sikuwahi kuwaona pamoja, wamekaa duara, wamelowa, nyuso zimeelekea chini.

"Sijazeeka," nikasema. "Na mshono ule haukuwa wangu. Ulikuwa wa dawa."

Mvua ilikuwa inapiga mabati na moshi ukitambaa chini. Mwanamume mmoja aliyeshika ncha ya turubai aliiachia, akarudi nyuma kinyumenyume mpaka getini, na sikumwona tena mpaka leo. Dada alikuwa amesimama na birika mkononi, anatabasamu, anafurahi nimeamka.

Jirani yangu ndiye aliyeinuka. Alinijia taratibu. Alinishika kiganja, akakibonyeza, akapanda mpaka kwenye kiwiko, kisha akanishika mashavu yote mawili kwa nguvu, kama anayechagua parachichi.

"Mwili iko moto," akawageukia wengine. "Iko hai."

Mwadhini alitangaza tena kwamba nipo, kwa sauti yenye aibu nyingi. Bahati mbaya waliosikia tangazo la kwanza hawakuwa wote wamesikia la pili, na kwa muda mrefu baadaye kulikuwa na watu Mengo waliovuka barabara wakiniona. Mwanamke anayeniuzia mkaa alitazama vivuli kuhakikisha mimi si mzuka, kwanza changu, kisha cha kwake, ndipo akapokea salamu.

Lakini siku ile waliokuwa uani hawakuondoka. Walikuwa wamekuja kukaa na msiba, na mtu wa hapa akishakaa motoni haondoki hivi hivi. Walikaa nami. Dada alipoelezwa alichokifanya alijifunika uso kwa kanga, sikujua analia au anacheka, nadhani yote. Tulikunywa chai. Nilikaa kwenye mwanga ule wa kijivu mpaka ukawa mweupe, nimezungukwa na waombolezaji wangu, nikila mandazi.

Niliporudi chumbani nilikuta godoro limebonyea. Safari hii halikubonyea miguuni. Lilikuwa limebonyea mahali pangu mimi, urefu wangu, na mto una shimo la kichwa. Utasema ni mimi niliyekuwa nimelala pale. Nami najiambia hivyo hivyo. Lakini nilisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuthubutu kuingia na kulitandika upya, na tangu siku hiyo nalala upande wa pili.

Sikungoja Alhamisi. Nilikwenda kwa daktari mchana ule ule, maana nilikuwa nimeahidi. Nikamwambia ukweli, kwamba nilisikia kifo changu kikitangazwa na nikaona raha. Aliweka kalamu chini. Akaniuliza kama raha hiyo bado ipo. Nikamwambia ilikuwepo asubuhi, sasa nina hasira tu. Alinihoji sana, akampigia simu dada, kisha akasema dawa zitabaki zilivyo kwa wiki hiyo, atanipigia kila siku, na moto usizimwe. Kufunga geti ni juu yetu.

Hatukulifunga vizuri. Jirani yangu alikuwa anaingia kila alfajiri, kanga iliyolowa mvua kichwani, anagonga dirisha langu na kuniita kwa heshima ya waliohiji. "Hajati. Iko?" Nisipojibu anagonga zaidi. Nikijibu, haamini, anangoja mpaka nitoke anishike mkono. Kisha tunakaa motoni. Hana maneno mengi na mimi siku zile sina kabisa. Wiki zikapita hivyo. Nilianza kushika sindano tena, kidogo, palipokuwa na mwanga wa kutosha, na sindano ilikwenda nilikoituma.

Kisha asubuhi moja hakuja.

Nilikuwa nimeamka, namngoja agonge. Kulipambazuka. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kimyakimya isiyo na upepo. Nilivaa viatu vya mpira vya marehemu mume wangu nikatoka getini peke yangu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu msimu uanze. Korongo, wale ndege wakubwa wa majalala ya Kampala, walikuwa wamesimama kwenye mapaa, mmoja mmoja, hawajikingi mvua, wamenielekezea midomo. Nilipanda mlima bila kuwatazama.

Mlango wake ulikuwa umefunguka nusu. Redio ilikuwa inaongea peke yake, chini sana. Jiko lilikuwa baridi. Nilipiga hodi, nikapiga tena, nikamwita. Nikajikuta naomba kwa sauti, nimesimama sebuleni kwa mtu, viatu vimejaa maji: asiwe amekufa, Mola wangu, huyu asiwe amekufa.

Nikasukuma mlango wa chumbani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda gizani, amevaa gomesi yake nzuri, gauni la heshima la Waganda, mikono mapajani, macho mlangoni.

"Umekuja," akasema.

"Mbona hukuja? Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani umekufa."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu.

"Mimi iko peke yangu hapa, Hajati. Kila siku naenda kuangalia wewe kama iko. Leo niliuliza, na mimi nani ataangalia? Nikavaa, nikakaa, nikangoja."

Nilitaka kumzaba kofi, wallahi. Lakini nilijikuta nimeketi sakafuni mbele yake, na nikaanza kulia, kilio kikubwa cha kupasua kifua, ambacho sikuwa nimelia tangu tulipomzika mume wangu. Yeye hakuniinua. Hakunigusa. Alizima redio.

"Lia, nyabo," akasema. "Lia vizuri, nisikie."

Akainamisha kichwa, akanisikiliza mpaka nilipomaliza.