Mtani Aliyenililia Chini ya Dungu

Mwaka wa hamsini na saba, homa ya mafua ilipoizunguka dunia, nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Uganda. Bwenini tulilala tumepangwa kama magunia, kila mmoja akisikiliza kifua cha mwenzake. Mwenzangu wa kitanda cha pili alikufa katikati ya mitihani. Mimi nilimaliza yangu, nikafaulu vizuri, na tangu hapo usingizi ukanihama.

Likizo ilipofika nilirudi kwetu. Nilishuka treni Nachingwea nikiwa na kikohozi kidogo, nikapanda lori hadi Ruangwa, nikamalizia kwa miguu mpaka Mbekenyera. Bibi aliyenilea alinipokea kwa kunishika mashavu kwa mikono yote miwili. Wiki haikuisha, homa ikamlaza.

Sikuhitaji ushahidi. Nilikuwa nimesoma habari za vijidudu, tena peke yangu kijiji kizima, hivyo nikajishtaki na kujihukumu papo hapo. Nilihamia shambani, juu ya dungu, ule ulingo wa miti wa kulindia mtama usiliwe na ndege. Mtama ulikuwa umekwisha kuvunwa. Nililinda mabua.

Mama aliniwekea ugali chini ya ngazi.

"Mwanangu, bibi yako anakuulizia. Uji hataki, anasema umlishe wewe."

"Mwambie nina kazi."

"Kazi gani, na vitabu umeviacha nyumbani?"

Nilinawa mikono mpaka ngozi ikachubuka. Kijijini wakakubaliana kwamba kisomo kimenizidi kichwa.

Ndipo akaja mtani wetu, mama mmoja wa Kiyao mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kwetu mtani ana ruhusa ambayo hata mzazi hana. Msibani humwiga marehemu, huwachekesha wafiwa, huondoka na nguo za maiti, na hakuna wa kumkasirikia. Alikaza kanga kiunoni, akaketi chini ya dungu, akaanza kunililia.

"Uwii, msomi wetu! Amekufa hajatununulia hata sabuni! Jamani, shuka lake liko wapi? Shuka ni langu!"

"Mtani, mimi mzima."

"Marehemu hasemi! Nyamaza tukuzike!"

"Usipande. Mimi ndiye niliyemwambukiza bibi."

Alikuwa ameshapanda. Alivuta shuka, akaketi ubavuni kwangu, akamega ugali wangu.

"Wewe? Hata mafua unataka yaitwe ya kwako? Mimi nilirudi nayo kutoka sokoni Nachingwea kabla hujafika, nikaenda kumkoholea bibi yako mwenyewe. Msomi mzima, unaniibia ugonjwa wangu!"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mitihani, kisha kicheko kikageuka kilio. Tuliposhuka, shuka lilikuwa begani kwake.

Bibi alikuwa amebaki macho tu. Nilimnywesha uji kidogo kidogo, na alipona, ila jembe hakulishika tena.

Baadaye nilimuuliza mtani kama kweli alikohoa kabla yangu.

"Utajibiwa siku ya msiba wako," alisema, akaenda zake.

Mtani halazimiki kusema kweli, kwa hiyo mpaka leo sijui homa ile ilikuwa ya nani. Ninachojua ni kwamba bibi alikaa na njaa akinisubiri, nami nilikuwa juu ya dungu, nikilinda mabua.