Zamu ya Kukaa kwenye Mkeka

Mke wangu alitaka twende likizo. Neno lenyewe ni hilo, likizo, na mimi nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Huku kwetu Kitura mkulima hana likizo. Likizo ni ya walimu, ya bwana afya, ya wale watu waliohamishiwa huku kutoka mikoa ya mbali, wanaofunga nyumba shule zikifungwa na kuondoka na mabegi. Sisi ukituona tunasafiri, basi ni msiba, au ugonjwa, au kuna kitu tunakwenda kuuza.

Lakini daktari alikuwa amemwambia kwamba moyo wake umetanuka na hautarudi ulivyokuwa. Tulipotoka pale hospitali Mbinga mjini hakulia. Aliniambia, "Baba, nataka kupanda meli. Nikae majini mimi na wewe, tuiangalie milima ya kwetu kwa upande ule mwingine. Basi, sina kingine."

Yeye kwao Ukata. Tangu msichana, akiwa shambani, alikuwa akiliona ziwa kwa mbali linang'aa kama bati jipya, na alijiuliza kama watu walioko kule majini nao wanamwona yeye. Hilo aliniambia zamani tukiwa wachumba, nami sikulisikia vizuri. Kijana anayetafuta mke anasikia nini?

Watoto wakachanga nauli, tukateremka Mbamba Bay. Mpango ulikuwa kwenda mpaka Kyela na kurudi na meli hiyohiyo. Kyela hatuna ndugu, wala hatukuwa na shida nako.

Meli ilijaa. Vyumba vya vitanda vilishachukuliwa, tukatandika mkeka wetu kwenye sakafu ya chini, katikati ya magunia ya dagaa na mama mmoja Mnyasa, mtu wa huko ziwani, aliyekuwa na kuku kwenye tenga. Tulipoondoka kidogo kutafuta choo, tulirudi tukamkuta mwanamume amelala juu ya mkeka wetu, viatu mguuni.

"Ndugu, mkeka huu ni wetu."

"Nilijua mmeshuka," akasema, macho hajafungua.

"Tushuke wapi? Majini?"

Yule mama Mnyasa alicheka mpaka kuku wakashtuka. "Wazee wangu, humu mtu haachi mkeka. Mmoja anakaa, mmoja anazunguka. Nyie watu wa milimani, hata maji ya kwenye beseni mnayaogopa, nani kawaleta huku? Mmefiwa na nani?"

"Hatujafiwa," mke wangu akasema, amejiweka sawa kama bibi harusi. "Tuko likizo."

Basi, hapo ndipo tulipoharibu. Habari ilipita chini kote kwamba wale wazee ni walimu. Kila anayepita, "Shikamoo mwalimu." Mimi niliyeishia darasa la nne! Baba mmoja alimleta mtoto wake nimsikilize hesabu za kugawanya. Nilimsikiliza, nikatikisa kichwa, nikamwambia aongeze bidii. Mke wangu alijifunika kanga usoni, mabega yanatetemeka kwa kicheko. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu augue.

Kwa hiyo tukasafiri kwa zamu. Nikipanda juu kupunga upepo, yeye yuko kwenye mkeka. Akipanda yeye, niko mimi. Alikuwa akirudi ananisimulia: ndege weupe wanaifuata meli, watawa wanakula ubuyu, mtu katapika karibu na ngazi, nisipite kushoto. Na mimi nikirudi namsimulia ya kwangu. Kwaya moja iliyokuwa ikitoka kwenye mkutano wa kanisa iliimba vizuri sana, sauti ya nne ilikuwa ya mzee mwenye tumbo kubwa, na chai ya pale jikoni ilikuwa na tangawizi. Raha ilikuwepo, nisiseme uongo. Choo ndicho sitakieleza.

Kurudi ndiko kulikuwa kubaya. Watu wa mchele waliingia na magunia mpaka kwenye njia, na miguu yake ilikuwa imevimba, viatu haviingii. Akaacha kuzunguka. Akasema anajitunza kwa ajili ya ile milima, tutakapokaribia nyumbani.

Tulipopita Liuli, Mbamba Bay ikiwa imekaribia, nikamwomba yule mama Mnyasa, maana naye alikuwa anarudi, atushikie mkeka.

"Nendeni, walimu. Atakayekanyaga hapa namtupia kuku."

Nikamwinua mke wangu. Tukafika kwenye ngazi. Ngazi ilikuwa imejaa watu wamesimama na mizigo kichwani, wanangoja kushuka, na bandari bado haionekani. Huku kwetu ndivyo tulivyo, mtu anajipanga kushuka mapema kana kwamba meli itampita. Nikaomba njia. "Tupishe wapi, mwalimu? Na sisi tumebanwa." Hawakuwa wabaya. Kweli walikuwa wamebanwa.

Mke wangu aliegemea ukuta, anapumua kwa mdomo. "Nenda wewe. Mtu mmoja anapita. Uje uniambie."

"Tutangoja wote."

"Baba, nenda, milima itapita."

Nikapenya kwa kiwiko, nikafika juu. Milima ilikuwa imesimama kutoka majini mpaka mawinguni, kijani, na mashamba yamekatwa ubavuni. Nikatafuta Ukata. Milima ya kwetu nimeipanda maisha yangu yote, lakini kwa upande ule sikuutambua hata mmoja. Nikashuka nikamwambia hivyohivyo.

Akacheka kidogo. "Basi ulikuwa unauangalia na hukuujua."

Hakumaliza mwaka. Kahawa ya msimu ule tuliichuma bila yeye.

Mwezi uliopita binti yangu alikuja na wenzake wa kazini, wakaniomba niwasimulie safari ya meli, maana wamesikia nilikuwa mwalimu kule. Nikaanza vizuri, watu wanacheka. Mmoja akauliza, "Na Lupingu, babu? Wanasema meli ikisimama pale mitumbwi inakuja kuizunguka. Ni kweli?"

Nikageukia upande wa jikoni nimwite mke wangu, maana Lupingu ilikuwa zamu yake kupanda juu, na aliporudi alinisimulia, na mimi nilikuwa nimesinzia.